Saiba za Nairobi

Huenda umepita mara nyingi mlangoni pa saiba bila kujiuliza asili yake. Intaneti iliingia Kenya miaka ya 1990. Siku zile ilipitia kwenye setilaiti, nayo ilikuwa ghali. Kwa hiyo watu wa Nairobi walikwenda saiba wakanunua dakika, wakasoma barua zao upesi huku saa ikiwahesabia.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kwa njia ya bahari, na bei ikashuka. Baadaye simu ikaitia intaneti mifukoni mwa watu. Je, saiba zilikufa? La hasha! Zilibadili kazi tu. Leo ziko za michezo ya vijana, ziko za kupiga chapa na kutoa nakala, na ziko za kuwajazia watu fomu za serikali, hasa tangu eCitizen ilipoanza mwaka 2014. Hizo za mwisho ndizo zilizomrithi mwandishi wa barua aliyeketi nje ya posta.

Lakini kumbuka: yule wa kale aliijua barua yako moja, huyu wa leo, ukimwachia neno lako la siri, atazijua zote. Basi jifunze kujaza fomu yako mwenyewe.