Barua ya Kwihara na Mwendo wa Nuru

Jioni moja hapa Chemchem, mjukuu wangu aliye kidato cha tatu alinijia na swali. Alikuwa ametazama filamu ya wasafiri wa angani ambao hubonyeza kitufe tu, nyota zikageuka mistari, nao wakafika kwenye jua jingine kabla chai haijapoa. "Babu," akauliza, "kweli iko siku tutaupita mwendo wa nuru?"

Nimefundisha hesabu na fizikia miaka mingi, kwanza katika chuo cha ualimu, baadaye nikiwa mkuu wa shule. Najua kwamba swali la mtoto ukilijibu kwa "hapana" tupu, unaliua. Kwa hiyo nilimwambia, "Keti. Tuanze na njia hii ya kwetu."

Zamani mwendo wa habari katika nchi hii ulikuwa mwendo wa mguu wa mpagazi. Msafara uliotoka Bagamoyo ulitumia kwa kawaida miezi mitatu hivi kufika Unyanyembe, yaani Tabora hii yetu, na bado Ujiji ilikuwa mbele. Stanley alitoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, akaingia Unyanyembe mwezi Juni. Habari yoyote ya pwani iliyofika hapa ilikuwa tayari imezeeka miezi mitatu.

Sasa mtazame Luteni Cameron. Alitumwa kutoka Uingereza kumpelekea msaada Dakta Livingstone. Aliondoka pwani mwezi Machi 1873. Mwanzoni mwa Mei, mbali sana kusini, kijijini kwa Chitambo, Livingstone akafariki. Cameron hakujua. Aliendelea kutembea, akavumilia homa, akafika Unyanyembe akiwa bado anamtafuta mtu aliye hai. Ni mwezi Oktoba ndipo Chuma alipotangulia kufika na barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright, kumwarifu kwamba wenzake wako nyuma wanakuja na maiti. Cameron alishauri mwili uzikwe papa hapa. Akina Chuma na Susi wakakataa, wakaubeba mpaka Bagamoyo, nao ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

"Basi," nikamwambia mjukuu, "kila usiku wewe ni Cameron." Nuru hukimbia kilomita 299,792 kwa sekunde moja, lakini nayo ni mpagazi: lazima itembee. Nuru ya jua hutufikia baada ya dakika nane na kidogo. Ile ya Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua, husafiri miaka 4.2. Nyota nyingine unazozitazama ukiwa uani huenda zilikwisha kuzimika, na sisi tungali tunazihesabu miongoni mwa walio hai.

Kwa nini basi tusimwongeze mpagazi huyu mwendo? Miguu ya watu tuliipita. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja, na mwaka 1912 reli ikafika Tabora. Lakini nuru si kama mguu. Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba kitu chenye uzito, kadiri kinavyoukaribia mwendo wa nuru, hudai nishati zaidi na zaidi ili kiongeze mwendo kidogo tu, na ili kiufikie mwendo wenyewe kingehitaji nishati isiyo na mwisho. Haya si maneno ya karatasini tu. Kule Geneva, katika mtambo mkubwa wa CERN, chembe za protoni husukumwa kwa nguvu kubwa ajabu. Zimefika zaidi ya asilimia 99.9999 ya mwendo wa nuru, wala hazijaupita.

Watunzi wa hadithi wanalijua hilo, ndiyo maana hutafuta njia ya mkato. Katika Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, merikebu hailazimiki kuishinda nuru mbio, kwani anga lenyewe ndilo linalokunjwa. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Mexico, Miguel Alcubierre, alichapisha hesabu za jambo linalofanana na hilo: anga likabanwa mbele ya chombo na kutanuliwa nyuma yake. Hesabu zinakubali. Ila zinadai nishati iliyo chini ya sifuri, nayo kwa kiasi ambacho hakuna ajuaye pa kukipata.

Na liko jambo zito zaidi. Einstein alituonyesha kwamba watu wawili wanaosafiri kwa mwendo tofauti hawakubaliani juu ya neno "sasa" la mahali pa mbali. Habari ikiipita nuru, atakuwapo msafiri ambaye kwake imefika kabla haijatumwa. Naye akijibu kwa njia iyo hiyo, jibu laweza kumfikia mwuulizaji kabla hajauliza. Cameron angepata barua ya msiba kabla ya msiba wenyewe.

Hapo nilinyamaza kidogo, kwa maana nilikumbuka habari yangu mwenyewe.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana Mtwara. Mama yangu alikuwa hapa Chemchem. Ilinifikia telegramu: mama mgonjwa, njoo. Ilikuwa imelala siku nne mahali ambapo sina haja ya kupataja. Masika ilikuwa imefunga barabara, nikangoja meli hadi Dar es Salaam, kisha nikapanda gari moshi. Dar es Salaam nilimnunulia mama doti ya khanga. Nilipoingia uani nimeishika mkononi, wanawake waliokuwa wameketi mkekani waliitazama ile khanga kabla ya kunitazama mimi. Mama alikuwa amezikwa kabla hata telegramu haijanifikia.

Kwa miaka mingi niliilaumu njia na umbali. Siku moja nikakaa na kalamu, kama mwalimu wa hesabu. Kutoka Tabora hadi Mtwara nuru haitumii hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Siku zilizobaki zote zilikuwa zetu wanadamu.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Hapo Kwihara, nje kidogo ya mji, Stanley alikuta furushi la barua za Livingstone lililoandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Wachukuzi wake walikuwa wamekaa Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu, kisha wakakaa tena Unyanyembe. Lilimfikia mwenyewe Ujiji baada ya takriban mwaka mzima, tena kwa sababu Stanley alilichukua. Miguu ya wapagazi ingeweza kulifikisha mapema zaidi. Ni kukaa ndiko kulikolichelewesha.

"Sidhani kwamba tutaupita mwendo wa nuru," nilimjibu mjukuu. "Lakini bado hatujautumia hata huo tuliopewa."

Aliniuliza kama ile khanga ipo. Ipo. Kisha nikamwambia achukue simu ampigie mama yake, ambaye alikuwa hajampigia tangu juma lililopita.