Jaji Ramadhani na mgombea binafsi
Kwetu Mbaha, ukifuata ufukwe wa Ziwa Nyasa kwenda kaskazini na kuvuka mto Ruhuhu, unaingia Ludewa, alikozikwa Mchungaji Christopher Mtikila. Mahakama Kuu ilimkubalia mgombea binafsi mara mbili, 1994 na 2006. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema hilo ni la Bunge. Nilimpenda Ramadhani, brigedia mpiga kinanda kanisani, ndiyo maana hukumu ile inaniuma. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, ikampa Mtikila ushindi. Ramadhani, tayari jaji wa huko, hakukaa kwenye kesi hiyo. Mwaka 2015 akachukua fomu ya urais, kupitia CCM. Mbaha, asiye na chama hagombei hata udiwani.