Kinahuatl cha Milpa Alta

Tuandikapo ubaoni neno "kakao", huwa twatumia neno la Kinahuatl, lugha ya Meksiko, lililotufikia kwa kupitia Kihispania na lugha nyingine za Ulaya. Lugha hiyo haijafa. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata wasemaji zaidi ya 1,600,000. Hata hivyo, ziko jamii ambamo imebaki kwa wazee tu, na mojawapo ni Milpa Alta, wilaya ya milimani kusini mwa jiji la Mexico.

Huko ndiko alikozaliwa Luz Jiménez mwaka 1897. Nyumbani walisema Kinahuatl. Shuleni kilitakiwa Kihispania. Binti huyu aliipenda shule mno, akatamani kuwa mwalimu. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 yaliyavunja matumaini hayo. Alisimulia baadaye jinsi Emiliano Zapata alivyofika na kusema na wenyeji kwa lugha yao wenyewe, jambo lililowastaajabisha. Mwaka 1916 majeshi ya Carranza yaliwaua wanaume wengi wa Milpa Alta, baba yake akiwa miongoni mwao. Waliosalia wakakimbilia mjini.

Mjini alijipatia riziki kwa kuketi mbele ya wachoraji, kama vile Diego Rivera na Jean Charlot. Sura yake ingali kutani katika majengo ya serikali, na wengi humkumbuka kwa hilo. Mimi naona kazi yake kubwa ni nyingine. Benjamin Lee Whorf alipochunguza lahaja ya Milpa Alta mwaka 1930, Luz alikuwa mmoja wa waliomfundisha. Kisha akasaidiana na Fernando Horcasitas katika kuwafunza wanafunzi Kinahuatl, akimsimulia maisha yake naye Horcasitas akiandika neno kwa neno. Hivyo yule aliyekosa ualimu akawa mwalimu wa wasomi!

Alifariki mwaka 1965, kabla ya kuliona jalada la kitabu chake. Kilitoka mwaka 1968 kwa Kinahuatl na Kihispania, na mwaka 1979 zikafuata ngano zake.

Wakati huohuo, huko Milpa Alta wazazi wengi walikuwa wamekwisha acha kusema Kinahuatl na watoto wao, wakichelea wasije wakachekwa. Sheria ya mwaka 2003 imezitambua lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa. Sasa yapo madarasa ya jioni, na vijana huketi humo wakijifunza, kama lugha ya kigeni, maneno ambayo bibi zao waliyasema jikoni.