Kadi za michoro za bei ya kati: Jina la kwenye boksi lisimpumbaze mnunuzi

Mtu anayetafuta kadi ya michoro ya kompyuta ya bei ya kati hukutana dukani na maboksi mengi yenye majina tofauti, na kila boksi hudai kuwa lake ndilo bora. Fedha anayoitoa si ndogo, na akikosea kuchagua itambidi aishi na kosa hilo kwa miaka kadhaa.

Kadi ya michoro ni kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani ili kutengeneza picha zinazoonekana kwenye skrini. Huhitajiwa zaidi na wachezaji wa michezo ya kompyuta, wahariri wa video, wasanifu wa majengo na wanaoendesha programu za akili bandia. Kwa anayeandika barua, kupiga hesabu na kusoma habari kwenye intaneti, uwezo wa michoro uliomo ndani ya prosesa nyingi hutosha.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kila boksi lina majina mawili. La kwanza ni la kampuni iliyobuni chipu, ambayo ndiyo moyo wa kadi. La pili ni la kampuni iliyoichukua chipu hiyo, ikaiweka kwenye bodi, ikaongeza feni na kuiuza.

Wabunifu wakubwa wa chipu hizo ni watatu. Nvidia ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1993, hutumia jina la GeForce. AMD, pia ya Marekani, hutumia jina la Radeon, ambalo ililirithi ilipoinunua kampuni ya ATI ya Canada mwaka 2006. Intel, iliyowahi kujaribu soko hilo mwaka 1998 kwa chipu ya i740, ilirejea mwaka 2022 kwa jina la Arc.

Kampuni zinazounda na kuuza kadi ni nyingi zaidi. Asus na Gigabyte huuza kadi zenye chipu za Nvidia na za AMD. Zotac na Palit hujulikana kwa kadi za GeForce, na Sapphire kwa kadi za Radeon.

Tofauti ya majina haya mawili ina maana kubwa kwa mfuko wa mnunuzi. Kadi mbili zenye chipu ileile na kumbukumbu ileile, hata zikiuzwa na kampuni tofauti, hupishana kasi kwa asilimia chache tu. Zinapotofautiana ni katika ukimya wa feni, upoozaji, urefu wa bodi, mapambo ya taa na masharti ya waranti.

Hivyo basi, mnunuzi anayeongeza fedha nyingi kwa ajili ya toleo lenye feni tatu na taa za rangi hana budi kwanza kuulizia bei ya chipu ya daraja la juu yake. Mara nyingi toleo la kawaida la chipu kubwa hulishinda toleo la kifahari la chipu ndogo.

Uchaguzi wenye uzito, kwa hiyo, ni wa chipu na kumbukumbu. Mfano mzuri ni kadi tatu zilizoshindania soko la bei ya kati kuanzia mwishoni mwa mwaka 2024.

Arc B580 ya Intel ilizinduliwa Desemba 2024 kwa dola 249 za Marekani, ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 12. GeForce RTX 5060 ilifuata Mei 2025 kwa dola 299, ikiwa na gigabaiti 8. Radeon RX 9060 XT ilitoka Juni 2025 katika matoleo mawili, la gigabaiti 8 kwa dola 299 na la gigabaiti 16 kwa dola 349. Bei hizo zilitangazwa kwa soko la Marekani bila kodi, na madukani kwingineko huwa tofauti.

Kumbukumbu ya kadi ndiyo huhifadhi picha na data zinazohitajika papo hapo. Ikijaa, kompyuta hulazimika kuazima nafasi kwenye kumbukumbu yake kuu, ambayo ni ya mbali na ya polepole, na picha huanza kukwamakwama. Michezo kadhaa mikubwa ya miaka ya karibuni huzidi gigabaiti 8 pale mchezaji anapotaka picha za ubora wa juu. Kwa sababu hiyo, anayetarajia kukaa na kadi kwa muda mrefu hupata nafuu kwa kuchagua gigabaiti 12 au 16.

Hata hivyo, ukubwa wa kumbukumbu si kigezo pekee. Nvidia huongoza katika programu za kitaalamu, kwa kuwa nyingi kati ya hizo ziliandikwa kwa kutegemea mfumo wake wa CUDA. Mhariri wa video au mwanafunzi wa akili bandia anapaswa kuangalia kwanza programu anayoitumia inataka nini, ndipo aulize bei.

Intel nayo ina sharti lake. Kadi za Arc hutegemea uwezo wa ubao mama uitwao Resizable BAR, na kwenye kompyuta ya zamani isiyo nao kadi hizo hupoteza sehemu kubwa ya kasi. Unafuu wa bei kwa mtu wa namna hiyo hauna faida.

Aidha, mnunuzi asidanganywe na majina yanayofanana. Kadi ya GeForce RTX 3060 ilitoka mwaka 2021 ikiwa na gigabaiti 12, lakini mwaka 2022 likaongezwa toleo la gigabaiti 8 kwa jina lilelile. Kasi ya kumbukumbu ya toleo hilo ilishuka kutoka gigabaiti 360 kwa sekunde hadi 240. Anayetaja jina bila kutaja kumbukumbu anaweza kupewa iliyo dhaifu.

Umeme ni suala jingine linalosahauliwa. RTX 5060 hutumia hadi wati 145, toleo la gigabaiti 16 la RX 9060 XT wati 160, na B580 wati 190. Nafasi ya kuchomekea kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu, hivyo nyingine hutoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Pawa saplai dhaifu huifanya kompyuta kujizima ghafla, na gharama ya kuibadilisha iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, joto, unyevu na vumbi huchosha feni na kupunguza uwezo wa kadi kujipooza. Hapo ubora wa muundaji wa kadi huonekana, na ndipo waranti inapohitajika. Swali la kuuliza si miaka mingapi pekee, bali pia kadi ikiharibika itapokelewa duka gani na nani atalipia usafiri.

Jina kubwa pekee si kinga. Septemba 2022, kampuni ya EVGA, iliyokuwa na wateja wengi wa GeForce Marekani, ilitangaza kuachana na biashara ya kadi za michoro.

Wanaonunua kadi zilizotumika wanatakiwa kuwa waangalifu zaidi. Sarafu ya Ethereum ilipoacha kutegemea uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Zipo pia kadi bandia, za zamani zilizobadilishwa maandishi ili zijitambulishe kama mpya. Programu ya bure ya GPU-Z husaidia kutambua chipu halisi, na muuzaji mwaminifu hatakataa kadi ijaribiwe mbele yake kabla ya malipo.

Kabla ya kwenda dukani, mnunuzi aandike mambo manne: kazi anayoitaka kadi ifanye, kumbukumbu anayoihitaji, uwezo wa pawa saplai yake na urefu wa nafasi ndani ya kompyuta. Kadi zitakazotimiza hayo yote zitakuwa chache, na kati ya hizo achague yenye bei nafuu ambayo waranti yake inapokelewa karibu naye.