Ukuaji wa Tezi Dume Usio Saratani

Nchini Tanzania, mzee anayeamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, akasimama chooni muda mrefu kabla mkojo haujaanza kutoka, husemwa kwamba "ana tezi dume". Lakini tezi dume ni kiungo, na kila mwanamume anayo tangu kuzaliwa. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kwa kijana aliyekomaa ina gramu kama 20. Hutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Wakenya wengi huiita tezi kibofu.

Ubaya wa kuliacha jina la kiungo libebe ugonjwa ni kwamba maradhi ya tezi hii ni zaidi ya moja. Kuna maambukizi, kuna saratani, na kuna hili la kukua, ambalo huwapata wanaume wengi wakizeeka. Anayeambiwa tu "una tezi dume" anaweza kurudi nyumbani akiwaza kifo, au akaona ni uzee na kukaa kimya mpaka mkojo uzibe. Mgonjwa anastahili jina kamili, na Kiswahili kinalo: ukuaji wa tezi dume usio saratani.

Nasema "ukuaji", sisemi "kuvimba". Kuvimba humfanya mtu afikirie jipu au jeraha, kitu cha kunywea baada ya dozi ya wiki moja. Kinachotokea hapa ni seli kuongezeka idadi polepole, kwa miaka, zikichochewa na homoni za kiume. Takriban nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60 wana mabadiliko hayo, ingawa wengi hawasikii lolote. Kwa kuwa ukuaji wenyewe hauishi, dawa zake kwa kawaida humezwa kila siku kwa muda mrefu.

Zinazotumika zaidi ni za makundi mawili, na hazifanyi kazi moja. Tamsulosini hulegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu. Nafuu huanza kuonekana ndani ya siku au wiki chache, ila tezi hubaki na ukubwa ule ule. Finasteridi huishughulikia tezi yenyewe: huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa homoni yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, inayoichochea kukua. Wazo hilo lina asili ya kushangaza. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za familia za kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, ambamo baadhi ya wanaume walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachofanya mageuzi hayo. Tezi zao hubaki ndogo hata ukubwani. Finasteridi iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Huipunguza tezi kwa karibu robo, lakini huchukua miezi sita au zaidi, na mgonjwa asiyeelezwa hivyo huiacha mapema akiamini haimfai. Utafiti wa wanaume 3,047 uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa finasteridi ikitumiwa pamoja na doksazosini, dawa ya kundi la tamsulosini, hatari ya ugonjwa kusonga mbele hupungua kwa asilimia 66.

Wapo wanaoandika "usio hatari" mahali pa "usio saratani". Siafikiani nao hata kidogo. Mkojo unaosalia kibofuni huleta maambukizi na mawe, na shinikizo lake likirudi juu huharibu figo. Tena, "usio saratani" ni maelezo ya ukuaji huu tu. Saratani inaweza kuota katika tezi hiyo hiyo. Kwa hiyo mgonjwa hurudi kliniki hata akiwa anajisikia vizuri. Huulizwa maswali saba kuhusu mkojo wake, yenye jumla ya alama 0 hadi 35. Kuanzia 20 dalili ni kali. Huweza kupigwa ultrasaundi kuona mkojo uliosalia, kupimwa kwa kidole, na kutolewa damu kwa kipimo cha PSA. Kipimo hicho hupanda kwa saratani, kwa maambukizi na kwa ukuaji wenyewe, na finasteridi hukishusha kwa karibu nusu. Daktari anayejua mgonjwa yuko kwenye dawa hiyo huizidisha namba kwa mbili. Asiyejua anaweza kuiona ni salama kumbe sivyo.

Basi boksi la dawa liende kliniki pamoja na mgonjwa. Liende pia kwa daktari wa macho kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, maana tamsulosini hulegeza mboni na daktari huhitaji kujiandaa. Na kwenye duka la dawa, anayetafuta vidonge vya mafua aseme kwanza kwamba tezi yake imekua, kwa sababu baadhi ya vidonge hivyo huweza kuuziba mkojo usiku huo huo, akaishia kuwekewa mpira.