Dhuluma Isiyo na Mimba: Mahusiano ya Vijana Garsen na Upofu wa Vipimo Vyetu

Garsen, katika Kaunti ya Tana River, mapenzi ya vijana huwa habari pale msichana anapopata mimba. Hapo ndipo chifu huitwa, shule huulizwa, na wazee hukaa: Gasa kwa Wapokomo, Matadeda kwa Waorma. Kabla ya siku hiyo, yote huchukuliwa kuwa mambo ya kitoto. Makala hii inashikilia kwamba mimba ni kipimo kibovu cha dhuluma. Kinachomuumiza kijana katika uhusiano huanza mapema zaidi, nacho ni kutawaliwa.

Tumfikirie msichana wa shule ya kutwa anayeishi kijiji kimojawapo kando ya mto. Njia ni ndefu, na mwendesha bodaboda anambeba bila nauli. Baadaye anamnunulia sodo, kisha bando, kisha simu. Simu hiyo haikupewa bure. Jamaa anataka nywila, anauliza kwa nini alikuwa mtandaoni saa nne usiku, anamkataza kuandamana na marafiki zake. Akikataa, anakumbushwa kila shilingi aliyotumiwa. Akitaka kuachana, anatishiwa kwamba picha zake zitasambazwa, au jamaa anaapa kujiua. Kofi huja mwishoni, na likija msichana amekwisha kubaki peke yake. (Wenye bodaboda wamebebeshwa lawama nyingi hadi mwanafunzi wa kidato cha tatu anayemfanyia mwenzake yayo hayo hupita bila kuulizwa. Wavulana nao hudhulumiwa, ila wakisema huchekwa.)

Sheria inayokimbiliwa ni ile ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, kisichopungua 15. Ni ngao nzito, lakini inachokagua ni cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malindi ilimwachilia huru mwanamume aliyekuwa amefungwa miaka 20 kwa kosa dhidi ya msichana wa miaka 13, ikisema msichana huyo alijiendesha kama mtu mzima. Uamuzi huo ulilaumiwa hadi ng'ambo, na kwa haki. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya msichana wa miaka 17, ilipendekeza mjadala kuhusu kushusha umri wa ridhaa hadi 16. Tangu hapo tunabishana juu ya umri na ridhaa, huku suala la nani alikuwa na nguvu juu ya nani likiachwa kando.

Kwa vijana wa rika moja sheria hiyo ina mtego. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Eldoret ilikataa kuvibatilisha vifungu vinavyomtia hatiani mvulana wa miaka 16 aliyelala na msichana wa umri wake. Basi msichana anayepigwa na mpenzi wake wa darasani anajua kwamba akifungua mdomo huenda akamfunga, na nyumba mbili zikawa maadui. Ananyamaza. Sheria ya Kukinga Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015 ingemfaa zaidi: inatambua vitisho, kufuatwafuatwa, dhuluma ya kihisia na ya kiuchumi, na inatoa amri ya ulinzi hata kwa walio katika uhusiano wa karibu bila ndoa. Jina lake ndilo linalowapoteza watu. Nani atadhani mapenzi ya shuleni ni mambo ya nyumbani?

Maslaha, yaani suluhu ya wazee nje ya mahakama, kwa upande wake humlipa baba. Fidia ikishapokelewa shauri limekwisha, na pengine binti anaozwa kwa yuleyule aliyemtesa, ingawa Sheria ya Ndoa ya 2014 inakataza ndoa chini ya miaka 18. Hata hivyo siungi mkono wanaotaka wazee waondolewe kabisa. Mapigano ya Waorma na Wapokomo ya 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya mia moja, na bila wazee amani isingesimama. Ila kumbukumbu hiyo hiyo yaweza kuwa silaha mkononi mwa mdhalimu. Wapenzi wakitoka jamii mbili, inatosha amwambie msichana kwamba akisema atawasha moto. Wazee wanaweza kumnyang'anya silaha hiyo kwa kutamka barazani kwamba kosa la mtu mmoja halitahesabiwa kuwa la kabila lake.

Kinga nyingine ni ya gharama ndogo. Tangu 2017 sheria ya elimu inaitaka serikali iwape sodo wasichana wa shule za umma. Zikifika kila mwezi, mlango mmoja wa deni unafungwa. Aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72, muda ambao barabara ikikatwa na mafuriko, kama mwishoni mwa 2023, hupita mtu akiwa bado kijijini. Kwa hiyo dawa na namba za simu za bure za kuomba msaada, 116 na 1195, zifike vijijini kabla ya mvua. Mwalimu wa ushauri nasaha naye aanze na rafiki, kwa sababu rafiki ndiye huambiwa kwanza. Rafiki huyo afundishwe kutomshinikiza mwenzake amwache jamaa leo leo. Siku ya kuachana ndiyo ya hatari zaidi, na inahitaji mtu mzima anayejua, njia ya kurudi nyumbani isiyo pikipiki ya jamaa huyo, na mahali pa kulala.