Maandishi ya misheni kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Maandishi ya misheni kaskazini mwa Ziwa Nyasa ni vitabu, tafsiri, shajara, barua na kumbukumbu zilizotokana na kazi ya misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wanyakyusa na Wangonde tangu mwisho wa karne ya 19. Eneo hilo leo liko katika wilaya za Kyela na Rungwe, mkoani Mbeya, Tanzania, na katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya mto Songwe.

Maandishi hayo yana umuhimu wa pekee kwa sababu yana sehemu kubwa ya habari za kwanza zilizoandikwa kuhusu watu wa eneo hilo, lugha yao na desturi zao. Yaligawanyika mapema katika mafungu mawili. Vitabu vya kusomea, nyimbo na Maandiko vilitolewa kwa Kinyakyusa na kubaki mikononi mwa wenyeji. Kumbukumbu za vituo na uchunguzi wa desturi uliandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza, na sehemu yake kubwa ilihifadhiwa nje ya nchi. Kwa hiyo kwa miaka mingi waliosimuliwa katika maandishi hayo hawakuweza kuyasoma.

Njia ya kusini

Vitabu vya kwanza havikufika Kyela kutoka pwani ya Tanganyika. Njia rahisi zaidi ilitoka kusini: kutoka mdomo wa mto Zambezi, kwa mashua hadi mto Shire, kisha kwa miguu kupita maporomoko ya Shire, na hatimaye kwa meli ndogo ya mvuke juu ya ziwa hadi Karonga. Meli ya kwanza ya mvuke ziwani, Ilala, ililetwa vipandevipande na Waskoti wa misheni ya Livingstonia mwaka 1875. Mizigo yote ilibebwa na wapagazi mahali ambapo mto haukupitika, na vitabu vilikuwa sehemu ya mizigo hiyo.

Waskoti walitangulia kuwa na kituo kidogo huko Kararamuka katika miaka ya 1880, lakini kazi hiyo haikudumu. Kwa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, mto Songwe ukawa mpaka kati ya maeneo ya mataifa hayo mawili. Watu waliosema lugha zinazokaribiana sana walijikuta chini ya serikali mbili. Wangonde walikuwa upande wa Waingereza na Wanyakyusa upande wa Wajerumani.

Mwaka 1891 makundi mawili ya wamisionari Wajerumani yalifika kupitia njia hiyo ya ziwani. Kundi la Kanisa la Moravian lilikuwa na Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johann Häfner. Martin alifariki mwaka huohuo, na wenzake walianzisha kituo cha Rungwe. Kundi la Misheni ya Berlin liliongozwa na Alexander Merensky, ambaye aliwahi kufanya kazi Transvaal, Afrika Kusini. Kundi hilo lilianzisha Wangemannshöhe, kisha Manow, Mwakaleli, na Ikombe kwenye ufuko wa ziwa. Wamoravian walibaki zaidi upande wa magharibi na Waberlin upande wa mashariki. Katika tambarare ya Kyela kituo muhimu cha Wamoravian kilikuwa Ipyana, kilichoanzishwa mwaka 1894.

Kuandika Kinyakyusa

Wamisionari waliita lugha ya eneo hilo Kikonde, jina linaloonekana katika vitabu vingi vya zamani. Msomaji wa leo hapaswi kulichanganya na Kimakonde cha kusini mashariki mwa Tanzania.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuamua namna ya kuandika sauti zake. Kinyakyusa kina irabu saba, wakati alfabeti ya Kilatini ina herufi tano tu za irabu. Irabu mbili za ziada hutofautisha maneno, kwa hiyo waandishi walilazimika ama kuweka alama juu ya herufi ama kuacha msomaji atambue neno kutokana na sentensi. Tatizo hilo limebaki hadi leo, na ndiyo sababu maneno yaleyale huonekana kwa tahajia tofauti katika vitabu vya vipindi tofauti.

Mmisionari wa Berlin Carl Schumann alitoa muhtasari wa sarufi ya Kikonde mwaka 1899, kwa Kijerumani. Agano Jipya kwa lugha hiyo lilichapishwa mwaka 1908 na shirika la Biblia la Uingereza. Biblia nzima kwa Kinyakyusa ilipatikana katika miaka ya 1990 tu. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 80 msomaji wa Kinyakyusa aliyetaka kusoma Biblia yote ilimbidi kutumia lugha nyingine, hasa Kiswahili.

Lugha ya wenyeji ilionekana pia katika majina ya ubatizo. Mtu wa kwanza kubatizwa Rungwe, mwaka 1897, alikuwa mwanamke aliyeitwa Fyabalema. Alipewa jina la Numwagile, maana yake "nimempata". Halikuwa jina la Kijerumani wala la Kilatini, bali sentensi kamili ya Kinyakyusa.

Walimu na shule

Kusoma na dini vilikwenda pamoja. Shule ya kijiji ilikuwa mara nyingi banda moja lililotumika kwa masomo siku za kazi na kwa ibada Jumapili. Vitabu vyake vilikuwa vichache: kitabu cha kusomea, nyimbo, hadithi za Biblia, na baada ya 1908 Agano Jipya. Mwalimu wa kijiji ndiye aliyetunza vitabu hivyo, kuviazima na kuvisoma kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma.

Kulikuwa na mabishano kuhusu lugha. Wamisionari wengi wa kusini walipendelea Kinyakyusa, wakiamini kwamba mtu huelewa mafundisho vizuri zaidi katika lugha ya nyumbani. Serikali ya Kijerumani ilihitaji makarani na wajumbe wanaojua Kiswahili. Ndani ya Misheni ya Berlin yenyewe, Martin Klamroth wa Dar es Salaam alitetea Kiswahili na kushiriki katika gazeti la Pwani na Bara, lililoanza mwaka 1910. Mwalimu wa Kyela aliyejua Kinyakyusa tu alikuwa na vitabu vichache sana. Aliyejua Kiswahili aliweza kusoma habari za nchi nzima.

Ng'ambo ya Songwe, Waskoti walikuwa na chuo kikubwa zaidi. Taasisi ya Overtoun huko Khondowe, iliyoanzishwa mwaka 1894 chini ya Robert Laws, ilifundisha ualimu, theolojia, ufundi na uchapaji. Waliosoma katika shule za Livingstonia walitumia maandishi pia kwa mambo ya siasa. Mwaka 1912 chama cha wenyeji cha Nyasa Kaskazini kiliundwa eneo la Karonga, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Levi Mumba, aliyekuwa baadaye rais wa kwanza wa Nyasaland African Congress.

Vita vya kwanza: vitabu bila wamisionari

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza mapema katika eneo hili. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana Karonga. Mei 1916 jeshi chini ya jenerali Northey lilivuka mpaka na kuteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa.

Vituo vya Rungwe, Ipyana, Manow na vingine vilibaki chini ya walimu na wazee wa kanisa wenyeji. Waskoti wa Livingstonia walipewa usimamizi, lakini walikuwa wachache na walikaa mbali. Kazi ya kila siku iliendelea kwa sababu mbili. Kwanza, walimu walikuwa na Agano Jipya katika lugha yao na hawakumhitaji mfasiri Mzungu. Pili, Kinyakyusa na Kingonde vinakaribiana kiasi kwamba watu wa pande zote mbili za Songwe waliweza kuelewana.

Wajerumani waliporudi kuanzia mwaka 1925 walikuta makanisa yenye waumini wanaosoma na viongozi waliozoea kuamua wenyewe. Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliwaondoa tena, na kwa mara nyingine shughuli zilishikwa na wenyeji wakisaidiwa na wamisionari wa mataifa mengine.

Wasomaji nje ya misheni

Elimu ya kusoma haikubaki chini ya usimamizi wa misheni. Vijitabu vya Watch Tower vilienea kando ya ziwa tangu Elliot Kamwana, aliyesoma katika shule za Livingstonia, alipohubiri huko Nyasaland mwaka 1908 na 1909. Mwaka 1925 Jordan Msumba alianzisha kanisa la Kiafrika lililojitegemea eneo la Karonga. Makanisa ya aina hiyo yaliingia Rungwe na Kyela kwa kuvuka Songwe.

Swali kubwa lilikuwa ndoa za wake wengi. Misheni zilikataza, wakati waliosoma Agano la Kale waliona kwamba Abrahamu na Yakobo walikuwa na wake zaidi ya mmoja. Hoja hiyo ilijengwa juu ya kitabu kilekile walichopewa na misheni.

Watafiti

Kati ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey Wilson na Monica Wilson walifanya utafiti katika nchi ya Wanyakyusa. Baada ya kifo cha mume wake, Monica Wilson alitoa vitabu kadhaa, kati yao Good Company mwaka 1951. Utafiti huo ulitegemea sana wasaidizi wenyeji waliojua kuandika. Anayejulikana zaidi ni Leonard Mwaisumo, aliyekuwa karani na mkalimani wao. Hati za akina Wilson zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town.

Kabla yao, mmisionari Mskoti D. R. Mackenzie wa Karonga alitoa kitabu kuhusu Wakonde mwaka 1925. Mwaka 1971 mwanahistoria Marcia Wright alitoa historia ya misheni za Kijerumani za nyanda za juu za kusini kati ya 1891 na 1941. Vitabu hivi vyote ni vya Kiingereza.

Kuhamia Kiswahili

Katika kipindi cha Waingereza Kiswahili sanifu kilikuwa lugha ya shule za msingi. Biblia ya Kiswahili ya Karl Roehl ilikamilika mwaka 1937, na tafsiri ya muungano ilitolewa mwaka 1952. Baada ya uhuru Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa. Shule za misheni zilichukuliwa na serikali mwaka 1969 na baadaye, na kampeni ya elimu ya watu wazima iliyotangazwa mwaka 1970 iliendeshwa kwa Kiswahili.

Kinyakyusa kilibaki lugha ya nyumbani, ya nyimbo na ya mahubiri vijijini. Vitabu vipya vya lugha hiyo vilikuwa vichache. Kamusi ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili ya Knut Felberg ilitolewa Dar es Salaam mwaka 1996.

Chuo na maktaba

Uandaaji wa wachungaji ulihamia katika vyuo vya theolojia. Walutheri walisoma hasa Kidugala, karibu na Njombe, na Makumira, karibu na Arusha. Wamoravian walikuwa na Chuo cha Theolojia cha Kimoravian huko Mbeya, ambacho baadaye kilikua kuwa Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji. Jina hilo ni la askofu wa Kimoravian wa Tanzania ya magharibi.

Chuo cha Mbeya kiliwahi pia kuchapisha vitabu kwa jina la Motheco. Kitabu muhimu kwa historia ya Kyela ni Wa-Konde, maisha, mila na desturi za Wanyakyusa, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1993. Asili yake ni maandishi ya Kijerumani ya Theodor Meyer, yuleyule aliyefika Rungwe mwaka 1891. Meyer alikusanya habari hizo kwa muda wa miaka 25, akiwasikiliza watu waliokumbuka maisha ya kabla ya ukoloni. Karibu karne moja baada ya kuanza kuandikwa, habari hizo ziliweza kusomwa na wajukuu wa waliozisimulia.

Mahali maandishi yalipo

Shajara na barua za vituo vya Wamoravian zilipelekwa Herrnhut, Ujerumani, ambako ziko katika nyaraka za kanisa hilo. Hati za Misheni ya Berlin ziko Berlin. Hati nyingi za Livingstonia ziko katika maktaba ya taifa ya Uskoti huko Edinburgh. Sehemu kubwa ya shajara za Kijerumani iliandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila kujifunza.

Nchini Tanzania, vitabu vya zamani vilibaki zaidi katika sharika na majumba ya familia. Tambarare ya Kyela ina mvua nyingi, joto na unyevu, na karatasi huharibiwa haraka na ukungu na mchwa. Vitabu vya nyimbo na Agano Jipya vilichakaa kwa kutumiwa, na nakala mpya zilipofika za zamani hazikutunzwa. Hati zisizokuwa na nakala, kama vile madaftari ya ubatizo na kumbukumbu za wazee wa kanisa, ndizo zilizo katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu hazikupelekwa Ulaya na hazikuchapishwa.

Tazama pia

Wanyakyusa
Kinyakyusa
Wilaya ya Kyela
Ipyana
Kanisa la Moravian Tanzania
Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania
Livingstonia
Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji